Siku Nilizoitia Benki Huruma

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Barua ya benki imefika. Mke wangu ameisoma akiwa amesimama, bado na sare yake ya ukunga, kisha akaniambia nikae. Nilikuwa nimeshakaa. Nikakaa zaidi.

Habari yenyewe ni kwamba hatujalipa marejesho ya mkopo wa nyumba kwa miezi mitatu, na benki inataka kujua tuna mpango gani kabla haijafikiria mnada. Neno mnada wamelipigia mstari. Mama mkwe, ambaye anaishi nasi chumba cha nyuma na ambaye masikio yake hufika sebuleni hata yeye akiwa uani, akauliza ni nani anayenadiwa. Nikamwambia ni mambo ya ofisi.

Sababu ni biashara. Mimi ni fundi makochi, karakana yangu iko hapa hapa mbele ya nyumba. Mwishoni mwa mwaka jana nilipata nafasi ambayo fundi mwenye macho hawezi kuiacha: mwenye ghala mmoja alikuwa akiuza mahameli ya zambarau kwa bei ya kutupa. Nikanunua majora yote. Nilikuwa na hakika zambarau ndiyo rangi ya mwaka huu. Mwaka huu bado haujajua.

Mke wangu anasema twende benki tuombe warekebishe mkopo: wapunguze tunacholipa kila mwezi na waongeze muda. Anasema watu hufanya hivyo kila siku. Tubebe karatasi zetu, tuseme ukweli, basi. Nikamwambia jambo hili aniachie mimi. Akanitazama kwa muda mrefu. Ila yuko zamu ya usiku wiki yote, akirudi ni kulala, hana nguvu ya kubishana. Ameniachia jambo moja tu: kwenda kuomba miadi.

Jioni nimemwendea jirani, Bwana Geti. Tunamwita hivyo kwa sababu tangu aweke geti lake la chuma hana habari nyingine. Mwaka jana naye alipunguziwa mkopo na benki hiyo hiyo, akawa anatutangazia kama mtu aliyepita ubunge. Nimemuuliza siri yake. Ilibidi kwanza nilisifu geti. Nikalisifu, pande zote mbili. Akasema siri ya benki ni moja tu, nayo ni kuonekana. Hapo bawaba ikalia, akakimbilia mafuta, hakumaliza.

Hapakuwa na haja ya kumaliza. Mtu mwenye akili humalizia mwenyewe. Kuonekana maskini.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mazoezi ya umaskini yameanza. Nimejitazama kwenye kioo cha kabati na kukuta tatizo la kwanza: nina mashavu. Mtu mwenye mashavu haaminiki benki. Nimejaribu kuyafyonza kwa ndani, nikaonekana kama mtu anayepiga filimbi. Nimeamua kutokula mchana. Saa saba nimekula, lakini kwa huzuni.

Nimetafuta ovaroli yangu mbovu kuliko zote, yenye tundu kwenye goti, nikaitundika tayari kwa safari ya benki. Nikaenda karakana. Niliporudi mama mkwe alikuwa ameishona. Anasema mkwe wake hawezi kwenda mjini goti likichungulia. Kiraka amekikata kwenye mahameli ya zambarau, kikubwa, cha duara, na akakizungushia uzi wa dhahabu aliouokota kwenye droo yangu. Nilitaka kuonekana fukara. Naonekana mwana wa mfalme aliyeanguka mara moja tu.

Jioni, mazoezi ya kikohozi. Kimetoka kizuri, kirefu, chenye mkia. Mama mkwe amekisikia, akaja na chupa yake ya dawa ya majani, akasimama mbele yangu na kijiko mpaka nikameza. Kijiko cha mama mkwe hakikataliwi. Kikohozi kimepona kabisa. Sasa hata nikikitaka hakiji.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Leo nimefikiri kama benki inavyofikiri. Watakuja kukagua nyumba, hilo halina ubishi. Wakikuta sebule yenye seti ya makochi, runinga na kabati la vioo, nani atatuhurumia?

Mke wangu alipokwenda zamuni nimekodi mkokoteni na kuhamishia sebule yote kwa Bwana Geti. Amekubali kuiweka stoo kwake bila kudai chochote. Jambo hili limenitia wasiwasi kidogo, maana Bwana Geti ukimuuliza saa hufikiria bei.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kochi akisikiliza taarifa ya habari. Hakutaka kuinuka kabla ya hali ya hewa. Tumembeba nalo mpaka mlangoni. Hapo akauliza kama tunahama. Nikasema tunafagia. Akasema basi nimekuwa mtu msafi sana siku hizi, akashuka.

Sebuleni imebaki ndoo na kalenda. Nimezunguka humo, nikasikia sauti yangu inanirudia, nikaona huruma hata mimi mwenyewe. Mke wangu huingia kwa mlango wa uani na kupitiliza kitandani, hafiki sebuleni mpaka siku ya mapumziko. Mpaka hapo mambo yatakuwa yamekwisha. Kazi nzuri.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimekwenda benki kwa miguu ili nipate vumbi. Nauli aliyonipa mke wangu nimeibakiza mfukoni. Njiani kiatu kimoja kimeachama mdomo, kwa hiari yake, nikakishukuru.

Mlinzi wa benki hakuniruhusu kuingia. Nikamwambia nimekuja kwa habari ya mkopo. Akanijibu kwa upole kwamba mlangoni si mahali pa kukaa, wakubwa hawapendi, akanitilia sarafu mkononi. Nimeipokea, nikiwa na nia ya kuionyesha ndani kama ushahidi. Nikasogea pembeni kujipanga. Mama mmoja aliyekuwa akitoka akanipa nyingine. Baada yake mzee mmoja, na huyu alinipa na nusu ya mkate. Kusema kweli ilikuwa asubuhi nzuri. Karakana haijawahi kunilipa upesi namna hiyo.

Hatimaye afisa mikopo mwenyewe ametoka kuniita. Ni dada kijana mwenye miwani na sauti ya chini. Alinipa shikamoo na kuniita mzee wangu. Nina miaka arobaini na minne. Mazoezi yamepitiliza.

Ofisini akaniuliza kipato changu. Nikamjibu kwa ile sauti niliyoiandaa, yenye mtetemo, kwamba sina kipato chochote. Akauliza, chochote kabisa? Nikasema hata senti. Akavua miwani. Akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mgonjwa, kwamba benki ikirekebisha mkopo inashusha marejesho mpaka pale mteja anapoweza kuyalipa. Asiye na kipato kabisa hawezi kulipa hata hayo madogo. Mtu wa namna hiyo hushauriwa auze nyumba mwenyewe, mapema, kabla ya mnada.

Nikasema nilikuwa natania.

Akaandika kitu. Aliandika kwa muda mrefu kuliko nilivyosema.

Atakuja nyumbani Jumanne asubuhi. Anataka kuiona karakana na namna tunavyoishi. Anataka stakabadhi za kazi zangu, karatasi za mshahara wa mke wangu, bajeti yetu ya mwezi, na maelezo ya kwa nini tulishindwa kulipa. Nimesema vyote vipo tayari. Nilipokuwa natoka mlinzi akaniuliza kama na huko ndani nimepata chochote.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Kumbe benki nimeielewa kinyumenyume. Hawamtaki maskini. Wanamtaka tajiri mwenye shida ndogo. Jambo kama hili wangelibandika mlangoni.

Mpango mpya basi. Nimekwenda kwa Bwana Geti kuchukua vitu vyangu. Nimemkuta barazani, amekaa kwenye kochi langu, miguu juu ya meza yangu, anatazama geti lake. Runinga yangu ilikuwa ndani ikitazamwa na wakwe zake, waliofika jana kutoka mbali na watakaoondoka Alhamisi ijayo. Ameniomba kijirani nisimwaibishe. Wakwe wameshaisifu seti, naye ameshaitikia sifa. Nikamkumbusha alisema ataiweka stoo. Akasema stoo ina unyevu, aliyahurumia makochi.

Nikamlaumu pia kwa ule ushauri wake wa kuonekana, jinsi ulivyoniponza. Akashangaa. Anasema alitaka kuniambia siri ya benki ni kuonekana mapema, kwamba mtu uende kwao kabla wao hawajakuandikia barua. Eti ningesubiri amalize kutia bawaba mafuta ningeusikia ushauri mpaka mwisho wake.

Watu wengine huzungumza polepole mno kwa usalama wa wenzao.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Leo mke wangu ana mapumziko. Ameamka, akaja sebuleni na kikombe cha chai, akataka kukaa pale anapokaa siku zote. Kwa bahati aliangalia nyuma kwanza. Akaipindua ndoo, akaikalia, akanywa chai yake mpaka ikaisha. Mke wangu hapigi kelele. Angepiga kelele ningejua pa kukimbilia.

"Vitu vyetu viko wapi?" akauliza.

Nikamweleza yote tangu mwanzo, kwa mpangilio. Nikijisikiliza niliona mpango ulikuwa mzuri isipokuwa mwanzoni, katikati na mwishoni. Hakucheka. Alisema mama yake aliuza kiwanja chake, cha pekee, ili sisi tupate fedha ya kuanzia kununua nyumba hii. Nililijua hilo. Lakini sikuwahi kuambiwa na mtu aliyekaa kwenye ndoo.

"Mimi naweza kukaa hapa," akasema, akiigonga ile ndoo. "Mama nitamkalisha wapi?"

Nikaenda kufagia karakana, ambayo nilikuwa nimeshaifagia asubuhi.

Baadaye ametoa amri. Aliposikia habari ya wakwe wa Bwana Geti alisema wakwe za watu hawainuliwi kwenye makochi, tuwaache. Afisa atakaa kwenye kiti cha jikoni, hakuna ubaya. Karatasi zote ameshazikusanya yeye. Mimi nisihamishe tena kitu chetu chochote, na siku ya Jumanne nisiseme neno mpaka yeye atoke zamuni. Nimekubali kwa moyo mweupe. Ni gumu kwa mtu mwenye mawazo, lakini nimekubali.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimekitazama kiti cha jikoni kwa muda mrefu. Kina mguu mmoja mfupi. Tajiri mwenye shida ndogo hamkaribishi mgeni kwenye kiti kinachomrusha.

Kisha nikakumbuka kwamba mke wangu alisema nisihamishe kitu chetu. Karakanani kuna vitu vingi, na karibu vyote si vyetu.

Nimeingiza sebuleni meza ya mwenye duka la vitabu, viti viwili vya daktari wa meno na kabati la bwana mmoja aliyesafiri. Katikati nimeliweka kochi kubwa la bibi mmoja mstaafu, mteja wangu tangu mwaka jana. Hilo ndilo kochi. Mbao nzito, miguu ya mbele imechongwa kama miguu ya simba, ingawa simba mmoja amepungukiwa kidole. Bibi mwenyewe sijamwona, lililetwa na dereva wa gari la mizigo, na malipo yote akaniletea. Aliagiza kitambaa cha kahawia. Nimemtilia mahameli ya zambarau, kwa faida yake. Nilipanga kumzoesha wazo hilo pole pole kwa simu, lakini kila akipiga naishia kumwambia kwamba springi zake ziko baharini.

Mama mkwe ameona sebule mpya, akauliza kama tumemaliza kufagia. Nikamwomba kesho afisa akiwepo anisifie kidogo. Akasema atafikiria la kusema.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Siku imekuwa ndefu.

Afisa amefika kabla ya mke wangu. Amempa mama mkwe shikamoo, akazungusha macho, akasema kumbe tunaishi vizuri. Nikanyamaza, kama nilivyoahidi. Akakaribishwa kwenye kochi la zambarau. Akakaa. Akaupapasa mkono wa kochi. Akainama akatazama miguu ya simba, akakaa vile ameinama.

"Hili kochi mmelipata wapi?"

Hapo ndipo ahadi yangu ilipoisha. Mtu akiulizwa swali ndani ya nyumba yake si adabu kunyamaza. Nikasema ni la urithi, la babu yangu mzaa baba, alikuwa akiamulia kesi za ukoo akiwa amekaa hapo hapo.

"Babu yako alikuwa na kochi lililopungua kidole?"

"Alikuwa mtu wa vita."

Akakigusa kile kipande kilichovunjika. "Kidole hiki nilikivunja mimi. Kwa nyundo. Nikiwa darasa la pili."

"Basi ulikuwa mtundu, mwanangu," akasema mama mkwe.

"Nilikuwa mtundu, mama. Hili kochi ni la mama yangu. Lilitoka nyumbani likiwa la kijani, likaagizwa lirudi la kahawia. Tangu mwaka jana anakaa kwenye kiti cha plastiki. Kila akipiga simu anaambiwa springi ziko baharini."

Nikaona nimpe habari njema.

"Springi zimefika," nikasema.

Akauliza viti navyo ni vya nani. Mama mkwe akamjibu kwamba ni vya daktari wa meno, na kabati ni la bwana aliyesafiri, na vya kwetu viko kwa jirani. Kisha akakumbuka ombi langu, akaongeza kwamba mkwe wake ni mtu mwema, hamnyimi mtu chakula, ila akili yake hupenda kutoka nje kucheza. Hizo ndizo sifa nilizozipata.

Afisa akawa ameanza kufunga mkoba wake. Nikaona nyumba inaondoka, na mlango wake, na chumba cha nyuma. Nilifungua kinywa niseme tuliibiwa, tuliungua, lolote, na hakuna kilichotoka. Ndipo mke wangu akaingia, sare imekunjamana, anahema. Pacha walikuwa wamechelewa kuzaliwa. Akamtazama afisa, akalitazama kochi, akanitazama mimi. Nadhani alielewa kila kitu kwa mpangilio huo huo.

"Dada, samahani," akasema. "Naomba tuanze upya. Jikoni."

Tukahamia jikoni. Afisa akapewa kiti chenye mguu mfupi, na mke wangu akakitegesha kwa kipande cha ubao, kikatulia, jambo ambalo sikulifikiria. Akapanga mezani karatasi zake za mshahara, stakabadhi zangu alizokuwa akiziokota sakafuni mwaka mzima, na bajeti iliyoandikwa kwa mkono, hata sabuni imo. Akasema tunaweza kulipa kiasi hiki kila mwezi bila kukosa, na zaidi ya hapo tutadanganyana. Afisa akazipitia moja moja. Akasema ni karatasi nzuri.

Kisha akauliza kwa nini tulishindwa kulipa.

"Mume wangu alinunua mahameli," akasema mke wangu.

"Mahameli?"

"Ya zambarau. Majora yote yaliyokuwepo."

Afisa akaitazama fomu yake. Akatusomea: palikuwa na nafasi ya ugonjwa, ya kifo, ya kupoteza kazi, na ya maafa. Akafikiri, kalamu iko hewani. Akaniomba nimwonyeshe mahameli yenyewe. Nikampeleka karakanani. Akasimama mlangoni, akayatazama majora yalivyopandana mpaka darini. Akarudi jikoni akatia alama kwenye maafa.

Akasema hataamua yeye. Faili atampa mwenzake aliamue, kwa kuwa akinitazama mimi anamwona mama yake kwenye plastiki, na hiyo si haki kwa mteja. La kochi haliingii kwenye faili. Ila Jumamosi analitaka kwao. La kahawia.

Alipoondoka mke wangu akashika ukuta, akacheka mpaka akakaa chini. Sijui alicheka nini. Nami nikacheka kidogo, kwa usalama.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nimerudisha viti vya daktari wa meno, mwenyewe, kichwani. Nimerudisha meza. Kabati nimelirudisha karakanani limsubiri bwana wake.

Kochi la bibi nimelibandua zambarau yote na kulivika kahawia. Nimepiga pini, nimekaza springi, nimesawazisha sponji, nimechonga na kidole cha simba kilichokosekana. Mikono imejaa malengelenge. Mke wangu alipita, akakaa juu yake, akajirusha kidogo, akasema nikiifanya kazi yangu mimi ni fundi kweli. Lile neno "nikiifanya" nimelisikia.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Nimelipeleka. Bibi ni mwembamba, mnyoofu, ana sauti ya kuita mahudhurio. Amekaa upande wa kulia, akakaa wa kushoto, akakaa katikati, akasema vizuri. Binti yake alisimama mlangoni amekunja mikono.

Kisha bibi akaniuliza springi zilitoka bandari gani. Ningesema ukweli, lakini binti yake alikuwa ananitazama na nikaona aibu kubadilisha maneno. Nikataja bandari. Akauliza meli ilipita wapi. Nikaipitisha. Akaniacha nimalize safari yote kisha akaniarifu kwamba amefundisha jiografia maisha yake yote, na kwamba kwa njia niliyoitaja meli yangu ilivuka jangwa.

Alinipa chai hata hivyo. Akanichorea ramani nyuma ya bahasha ili nisipotee tena.

Kuhusu kidole cha simba, amesema niking'oe. Alikuwa amekizoea kikiwa hakipo.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Wakwe wa Bwana Geti wameondoka, seti imerudi. Mto mmoja unanuka mafuta ya bawaba. Mama mkwe amekaa palepale pake na kuwasha taarifa ya habari, akasema nyumba imetakata.

Benki bado kimya. Mke wangu anakula kidogo. Nimemkuta amesimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma akimtazama mama yake amelala mchana. Nikasimama naye. Sikusema kitu, na safari hii hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Nimeanza kuuza mahameli kwa mafundi wenzangu, kwa bei niliyonunulia. Wawili wamechukua, kwa ajili ya majeneza. Sikuwahi kufikiria majeneza.

Alhamisi, tarehe 20 Machi

Benki wamepiga simu. Mke wangu aliipokea akiwa amesimama, akasikiliza, akasema asante, asante sana, kisha akakaa chini polepole. Wamekubali. Marejesho yameshushwa mpaka pale alipoandika yeye kwenye bajeti, na muda umeongezwa mpaka nitakapokuwa mzee wa kweli wa kupewa shikamoo. Yale malimbikizo ya miezi mitatu yamesogezwa mwishoni. Tukichelewa tena hakuna mazungumzo.

Mama mkwe alipoambiwa kwamba chumba ni chake, alisema alikuwa anajua, akaomba kipakwe rangi. Mke wangu alilia kidogo, akapangusa uso kwa kofia ya kazini, akaniambia, "Umeona? Tulisema ukweli tu."

Nimeona. Nimelitafakari jambo hili mchana kutwa, na nakiri mke wangu alikuwa sahihi. Miaka yote hii nimehangaika na vikohozi na mikokoteni, kumbe palikuwa na ukweli, bure, ndani ya nyumba. Sijapata kuona kitu chenye nguvu kama kile. Yule dada alikuwa ameshafunga mkoba, akaufungua.

Kwa hiyo kesho nakwenda kwa mwenye duka la sponji kumwomba mzigo mkubwa kwa mkopo, na nitamwambia ukweli wote: barua, mnada, kiwanja cha mama mkwe. Nimeufanyia mazoezi mara kadhaa. Sehemu ya kiwanja inakaba koo vizuri sana. Udhaifu uko kuelekea mwisho, benki inapokubali, hapo unapoa. Nimeongeza mtoto mgonjwa. Binti yetu wa pekee anasoma mbali na ana afya yake, sikutaka kumwingiza, kwa hiyo nimeongeza wa pili, mvulana. Anaumwa nini, bado sijaamua. Asubuhi nitamuuliza mke wangu, kwa mbali. Yeye ndiye anayejua mambo ya hospitali.